Shilingi Pekee Haziwapimi Maskini wa Kwanza

Mtu asafiriye kutoka Kitale kwenda Kwanza mwezi wa Oktoba, akayaona mahindi yaliyokomaa mashambani, atashangaa akiambiwa kuwa hapa pana maskini. Naam, wapo, ila umaskini wao haunaswi vyema na kipimo tulichokizoea.

Kipimo hicho ni shilingi. Katika uchunguzi wa serikali wa 2015/16, mkazi wa mashambani alihesabiwa maskini iwapo matumizi yake kwa mwezi hayakufika Sh3,252. Ikumbukwe kwamba hata mahindi ayalayo mkulima kutoka ghalani mwake hutiwa bei na kujumlishwa humo. Hivyo basi, ugali wa kila siku waweza kumvusha mstari wa umaskini, hali maji angali anayateka mtoni na bintiye ameacha shule kidato cha pili. Kwenye daftari, huyo si maskini.

Mwaka 2020, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilizirudia data zizo hizo, safari hii likiuliza pia habari za maji, usafi, makao na elimu. Kwa shilingi, maskini walikuwa asilimia 36.1 ya Wakenya. Kwa mahitaji hayo, asilimia 53. Tofauti hiyo ni mamilioni ya watu.

Mwaka uo huo, Seneti ilipitisha kanuni ya kuzigawia kaunti mapato, na umaskini ukapewa uzito wa asilimia 14. Je, umaskini upi? Wapo wasemao kuwa kujumlisha choo na elimu ni sawa na kujumlisha mbuzi na mihogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini faida ya kipimo kipya haimo katika jumla. Imo katika orodha ya kila kilichokosekana, maana kijiji kisicho na maji hakiponywi kwa dawa ya kijiji kisicho na shule.

Mimi ni mwalimu, na nilionalo karibu zaidi ni basari. Fomu nilizowasaidia wanafunzi kujaza huuliza mapato ya mzazi kwa mwezi. Mkulima wa mahindi hana mwezi! Huvuna mara moja, akalipa deni la mbolea, Januari akalipa karo, na kufikia Mei ghala ni tupu. Aandike nini? Huyu huandika sifuri, yule hukisia, na kamati hukata shauri kwa makisio hayo. Lau fomu ingeuliza maji yako umbali gani, choo ni cha namna gani, na ndugu wangapi wameacha masomo, ingepata majibu ambayo mzee wa kijiji angeyathibitisha kwa kutazama tu, bila ya kudai hati ya mshahara isiyokuwako.