Kabla ya Safari ya Ghuba: Mafunzo, Chakula na Mkataba

Kwa mkazi aliyelelewa Mashuuru, Magadi au Loitokitok, Kitengela yenyewe ni mji mgeni. Mji huo uko Kajiado Mashariki kwenye barabara ya Namanga, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi na takriban kilomita 50 kutoka Kajiado mjini. Kijana aliyeahidiwa kazi ya nyumbani Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu hulazimika kwanza kwenda mjini kupata mafunzo. Hapo hulala mahali asipopazoea, hula chakula ambacho hakukipika mwenyewe, na hufundishwa kazi atakayoifanyia watu ambao hajawahi kuwaona.

Siku hizo za mafunzo ni chache, lakini zina thamani kubwa. Ndizo siku za mwisho ambazo msafiri anaweza kuuliza swali kwa lugha anayoielewa vizuri, akajibiwa, na bado akaweza kusema hapana. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwanafunzi na familia yake wanafaa kuyamaliza kabla ya siku ya uwanja wa ndege.

Nani hutoa idhini?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali za kaunti zilipewa vyuo vya ufundi vya vijijini, elimu ya chekechea, na vituo vya kufundishia kazi za nyumbani na kulelea watoto. Kusajili mawakala wa kazi za ng'ambo ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kazi za ughaibuni ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo huchapisha majina ya mawakala walioidhinishwa. Mafunzo ya kazi za nyumbani yanasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA).

Kwa hivyo kibali cha biashara cha kaunti kilichobandikwa ukutani si leseni ya kupeleka watu ng'ambo. Barua ya chifu pia si leseni. Familia inayotaka kuuza ng'ombe au kukopa kwenye chama ili kugharamia safari inafaa kwanza kulitafuta jina la wakala kwenye orodha ya NEA. Kama jina halipo, ng'ombe abaki zizini.

Kula na kulala wakati wa mafunzo

Kabla ya kulipa, mwanafunzi aulize maswali matatu: Je, malazi yamo ndani ya karo? Ni milo mingapi kwa siku? Kama safari itachelewa baada ya mafunzo kwisha, nani atalipia chakula na kitanda? Swali la tatu ndilo husahaulika sana. Visa ikichelewa, aliyekuja na pesa za mafunzo peke yake huishia kukopa, na deni hilo humfuata hadi ng'ambo. Malipo yoyote yaandikiwe risiti yenye jina la kituo na kazi iliyolipiwa.

Asiyepewa chakula kituoni hatakosa cha kula Kitengela. Vibanda vina chai na mandazi asubuhi, chapati kwa maharagwe mchana, na ugali kwa sukuma jioni. Hata hivyo, kula kibandani mara tatu kwa siku humaliza pesa haraka. Wanafunzi wanne wakichanga na kununua unga, maharagwe na mboga, hupunguza gharama na hupata mazoezi ya kupikia watu wengi. Maji ya kunywa yachemshwe au yawe yametiwa dawa, kwa sababu siku za mafunzo ni chache na kuhara kunaweza kumfanya mtu akose somo ambalo halitarudiwa.

Jiko atakalolikuta

Katika nyumba nyingi za Ghuba, chakula cha mchana ndicho kikubwa. Saudia hupikwa sana kabsa, yaani wali wenye nyama na viungo. Qatar na nchi jirani wana machbous, inayofanana nayo. Anayejua kupika pilau ya mchele uliochambuka hataanza kutoka mwanzo. Harees, chakula cha ngano na nyama kinachopendwa mwezi wa Ramadhani, ndicho watu wa Pwani ya Kenya wanachokiita bokoboko. Laban, maziwa ya kunywa yaliyochachuka, haitamshangaza aliyekua akinywa kule naoto nyumbani kwa Wamaasai.

Mezani kuna desturi zake. Chakula hupakuliwa mara nyingi katika sinia moja, na watu hula kwa mkono wa kulia. Kahawa ya iliki humiminwa kidogo tu katika kikombe kisicho na mkono, nayo huandamana na tende. Anayeimimina hushika birika kwa mkono wa kushoto na kumpa mgeni kikombe kwa mkono wa kulia. Mgeni akikitikisa kikombe, ametosheka. Mwezi wa Ramadhani kazi ya jikoni huhamia jioni na usiku, kwa futari na daku. Ni vyema msafiri ajue tarehe za mwezi huo, na aulize mapema atapumzika saa ngapi.

Maneno anayoyajua tayari

Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, na mengi yanatumika jikoni. Sukari ni sukkar, kahawa ni qahwa, samaki ni samak, sahani ni sahn, na pilipili ni filfil. Machache hana budi kuyakariri: mkate ni khubz, maziwa ni halib, nyama ni lahm, chumvi ni milh. Mwanafunzi akijifunza maneno matano kila siku wakati wa kula, atafika akiwa na msamiati wa kumtosha kuanza kazi.

Kuna neno moja linalofanana ambalo humpoteza mtu. Mwarabu akisema "saa sitta", anamaanisha saa kumi na mbili yetu. Kwetu saa sita ni adhuhuri au usiku wa manane. Sitta, sab'a na tis'a zinasikika kama sita, saba na tisa, lakini saa za huko huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, wala si kuanzia macheo na machweo. Mtu akiambiwa chakula kiwe tayari "sab'a", anatakiwa kukiandaa kwa saa moja. Kwa chakula, kosa hilo huleta ugomvi. Kwa dawa ya mtoto au ya mzee, linaweza kuleta madhara. Dawa ya salama ni kuonyesha saa kwenye simu au ukutani na kuuliza kabla ya kuanza.

Chakula na mapumziko ni haki

Mfanyakazi wa nyumbani hula na kulala kwa mwajiri, kwa hivyo chakula chake ni sehemu ya masharti ya kazi. Hakipaswi kuchukuliwa kama fadhila. Sheria ya Qatar nambari 15 ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa nyumbani chakula na malazi, inaweka kazi isizidi saa 10 kwa siku, na inampa siku moja ya mapumziko kila wiki. Tangu Machi 2021, mshahara wa chini nchini humo ni riyal 1,000 kwa mwezi. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2022 inayompa mfanyakazi wa nyumbani angalau saa 12 za kupumzika kwa siku, 8 kati yake zikifuatana.

Sheria hizo zinamsaidia zaidi anayezijua na mwenye mkataba unaozitaja. Msafiri atafute katika mkataba wake mistari ya chakula, malazi, saa za kazi, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa, na tiketi ya kurudi. Kama mstari mmoja haupo, aulize akiwa bado Kenya.

Mkataba upitie kwa afisa wa leba

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inasema mkataba wa kazi ya nje ya nchi utiwe saini na pande zote na uthibitishwe na afisa wa leba. Kabla ya kuuthibitisha, afisa huyo anatakiwa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali bila kulazimishwa wala kudanganywa, ameelewa masharti, na ana afya ya kuifanya kazi hiyo. Hapo ndipo mahali pa kusema "sikuelewa ukurasa huu". Wakala anayemharakisha mtu atie saini usiku wa kuamkia safari anamnyima nafasi hiyo.

Karatasi za kubaki nyumbani

Kabla ya kuondoka, familia ibaki na nakala ya mkataba, ukurasa wa picha wa pasipoti, jina na nambari ya leseni ya wakala, na jina, simu na anwani ya mwajiri. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, na mwajiri hana haki ya kuizuia. Kenya ina balozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi, na ofisi ya ubalozi mdogo Dubai. Nambari zake za simu ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu ya mkononi huweza kupotea au kuchukuliwa.

Mwisho, wakubaliane siku na saa ya kupiga simu. Saudia na Qatar ziko katika saa moja na Kenya, na Falme za Kiarabu zimetangulia kwa saa moja. Simu iliyozoeleka kila wiki isipopigwa, familia itajua mapema kwamba kuna jambo, na itakuwa na karatasi mkononi za kuanzia kuuliza.