Volti Chache Zinazoamuru Gia

Dereva wa gari la gia za otomatiki hana klachi ya kukanyaga. Giaboksi hujichagulia gia yenyewe. Je, hujuaje wakati wa kuibadili?

Katika giaboksi zinazoongozwa na kompyuta, ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1980, uamuzi hutegemea habari mbili kuu: mwendo wa gari, na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Habari hiyo ya pili huletwa na kihisio kilichofungwa kwenye mhimili wa kilango cha hewa, yaani bamba dogo la mviringo linalofunguka ili hewa iingie katika injini.

Katika magari mengi ya miaka hiyo, kihisio hicho ni potenshiometa, kifaa ambacho wanafunzi wa fizikia hukitumia maabarani kugawa volti. Hupewa volti 5, na ndani yake mkono mdogo huteleza juu ya utepe wa kaboni kadiri kilango kinavyozunguka. Kwa kawaida kilango kikifungwa hutoa volti 0.5 hivi, na kikiwa wazi kabisa volti 4.5 hivi. Tuseme kilango huzunguka digrii 80. Basi kila digrii ni sawa na (4.5 − 0.5) ÷ 80, yaani volti 0.05.

Sasa tuchukue kwamba kihisio kimesogea, kikawa kinatoa volti 0.8 hali kilango kimefungwa. Kosa hilo la volti 0.3 ni sawa na digrii 6. Kompyuta huweza kudhani kuwa dereva amekanyaga mafuta zaidi. Hivyo huchelewa kupandisha gia, na gia huingia kwa kishindo. Volti zikipungua kuliko inavyopasa, gia hupanda mapema mno na gari huonekana zito. Utepe ukichakaa, volti hurukaruka, na gia hupanda na kushuka ovyo.

Kihisio ambacho matundu yake ya skrubu ni marefu huweza kurekebishwa. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, fundi hupima volti za waya wa ishara kwa voltimita. Hulegeza skrubu, hukizungusha kihisio polepole mpaka kipatikane kipimo kilichotajwa katika kitabu cha gari hilo, kisha huzikaza. Halafu hufungua kilango taratibu: volti zapaswa kupanda bila kuruka. Zikiruka, kihisio hubadilishwa. Katika magari ambayo kilango huendeshwa na mota ya umeme, kihisio hakirekebishwi kwa bisibisi.

Si kila kasoro ya gia hutokana na kihisio. Upungufu wa mafuta ya giaboksi, au klachi za ndani zilizochakaa, huleta dalili zinazofanana na hizo. Lakini kufumua giaboksi ni kazi ndefu yenye gharama kubwa, na kupima volti ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo yafaa voltimita itangulie spana.