Mrimba, Kitambaa na Kiti: Fikra za Utawala katika Masimulizi ya Kilwa kwa Kulinganishwa na Nadharia ya Kautilya

1.0 Utangulizi

Historia ya Kilwa Kisiwani imezoeleka kusomwa kwa kutafuta tarehe: Washirazi walifika lini, sultani yupi alimfuata yupi, sarafu ipi ilipigwa na nani. Maswali hayo ni ya lazima, lakini yana kasoro moja. Kila penye tukio lisiloweza kuthibitishwa, msomaji huliweka kando kama ngano tu, na pamoja nalo huiweka kando fikra iliyomo. Miongoni mwa matukio yaliyopatwa na hali hiyo ni lile la kitambaa kilichotandazwa ili kukipata kisiwa, na lile la maji yaliyokataa kupwa.

Makala haya yanayachukua matukio hayo kuwa hoja za kisiasa zilizovikwa umbo la hadithi. Swali linaloulizwa ni hili: kwa maoni ya wasimulizi wa Kilwa, haki ya kutawala hutoka wapi, na hupotea vipi? Ili kulijibu, masimulizi hayo yatalinganishwa na kitabu cha Kihindi cha kale kiitwacho Arthashastra. Haidaiwi hapa kwamba kitabu hicho kilisomwa Kilwa. Nguo na shanga za Gujarat zilifika pwani hii kwa karne nyingi, lakini safari ya bidhaa si ushahidi wa safari ya nadharia. Ulinganishi unafanywa kwa sababu Kautilya alitaja waziwazi mambo ambayo msimulizi wa pwani ameyaacha ndani ya kisa.

2.0 Matini Mbili za Asili ya Kilwa

Kuna matini mbili zinazohusu asili ya usultani wa Kilwa ambazo zinafaa kusomwa sambamba. Ya kwanza ni tarikhi ya Kiarabu iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo imetufikia kwa nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877. Maelezo yanayokaribiana nayo yanapatikana pia katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichoanza kuchapishwa mwaka 1552. Matini ya pili ni ya Kiswahili, nayo ilichapishwa na Carl Velten huko Berlin mwaka 1907.

Katika tarikhi ya Kiarabu, mgeni kutoka Shiraz anakikuta kisiwa kikiwa mikononi mwa mtawala wa bara asiye Mwislamu. Mtawala huyo anakubali kukiuza, kwa sharti kwamba kisiwa kizungushwe nguo za rangi. Sharti linatimizwa, naye anazichukua nguo na kuhamia bara. Moyoni, hata hivyo, anakusudia kurudi na jeshi. Mgeni anapopewa habari, anaamuru mkondo uchimbwe mahali ambapo watu huvuka kwa miguu wakati wa maji kupwa. Mtawala wa bara anarudi, anangoja maji yapwe kama ada, lakini hayapwi. Anakwenda zake kwa majuto.

Matini ya Kiswahili inasimulia mambo hayohayo kwa muundo mwingine. Hapa mwenye nchi ana jina na kabila: ni jumbe Mrimba, Mmachinga. Sultani Ali anafika kwake kama mgeni, anaomba mahali pa kukaa na kutoa zawadi za nguo na shanga. Baadaye anamwoa binti wa Mrimba. Ni kwa kupitia binti huyo ndipo Mrimba anaombwa ahamie bara, naye anakubali kwa sharti la kutandaziwa kitambaa cha kupita juu yake. Mrimba anapogeuka na kutaka vita, kinachomzuia ni kisomo na sadaka, si mkondo uliochimbwa. Simulizi halikomi hapo. Binti anazaa mtoto wa kiume. Mtoto anapokua anakwenda bara kumwona babu yake, na babu anamkabidhi madaraka yake.

Tofauti iliyo kubwa ni ya mwisho wa kisa. Katika tarikhi ya Kiarabu mwenye nchi anatoweka akijuta. Katika matini ya Kiswahili anabaki kuwa chimbuko la haki, na pasipo yeye utawala haujakamilika.

3.0 Nadharia ya Kautilya kwa Muhtasari

Arthashastra ni kitabu chenye sehemu kumi na tano. Mapokeo yanamtaja mtunzi wake, Kautilya, kuwa waziri wa mfalme Chandragupta Maurya katika karne ya 4 kabla ya Kristo, ingawa wataalamu wengi wa sasa wanaona kwamba matini iliyopo ilikamilishwa karne kadhaa baadaye. Kitabu kilikuwa hakijulikani kwa wasomi wa sasa hadi R. Shamasastry alipopata muswada wake wa majani ya mtende huko Mysore mwaka 1905 na kuuchapisha mwaka 1909.

Mambo manne ya kitabu hicho yanahusu mjadala huu. La kwanza ni asili ya ufalme. Watu waliokuwa wakiishi kwa sheria ya samaki, ambapo mkubwa humla mdogo, walimweka Manu kuwa mfalme wao na kumtengea sehemu moja ya sita ya nafaka na moja ya kumi ya bidhaa, ili naye awahakikishie usalama. La pili ni viungo saba vya dola: mtawala, mawaziri, nchi na watu wake, ngome, hazina, jeshi na rafiki. La tatu ni mbinu nne za kumkabili mwingine, yaani upole, zawadi, fitina na nguvu. La nne ni mjadala juu ya kiungo ambacho madhara yake ni makubwa zaidi kikiharibika. Kautilya anawataja walimu waliomtangulia na kuwapinga mmoja baada ya mwingine. Bharadvaja alishikilia kwamba uovu wa waziri ni hatari kuliko wa mfalme. Kautilya anajibu kwamba mfalme ndiye anayeweka na kuondoa mawaziri. Parashara aliitanguliza ngome mbele ya nchi. Kautilya anajibu kwamba ngome, hazina na jeshi vyote husimama juu ya watu wa nchi.

4.0 Uchambuzi wa Kisa cha Mrimba

Hatua za Sultani Ali katika matini ya Kiswahili zinakaribiana na mbinu za Kautilya. Anaanza kwa upole, kwa kuomba mahali. Anafuatisha zawadi. Kisha ndoa inafanya kazi inayofanana na ya fitina, kwa kuwa binti anatumwa kumhamisha baba yake mwenyewe. Nguvu ndiyo inayokosekana. Msimulizi anaifikisha hadithi ukingoni mwa vita, halafu anaiondoa vita hiyo kwa dua. Uamuzi huo wa kisanaa una maana ya kisiasa: nchi iliyotwaliwa kwa upanga ingekuwa na mwenyewe anayedai kisasi, na mjukuu asingekuwa na babu wa kumwendea.

Hata hivyo, kitambaa hakilingani na mapatano ya Manu. Watu wa Manu walikuwa hawana mtawala. Watu wa kisiwani walikuwa na jumbe. Kwa hiyo msimulizi wa Kilwa anakabiliwa na swali gumu zaidi kuliko la Kautilya. Hana budi kueleza jinsi utawala unavyopita kutoka kwa mwenye nchi hadi kwa mgeni bila kugeuka kuwa wizi. Kitambaa peke yake hakitoshi. Mwenye kupokea bei anaweza kujuta, na matini zote mbili zinakiri kwamba alijuta. Ndiyo maana matini ya Kiswahili inaongeza mjukuu.

Suala la mjukuu linahitaji uangalifu. Jamii nyingi za kusini-mashariki mwa Tanzania, wakiwamo Wamwera, Wamakonde na Wayao, kwa desturi zilifuata ukoo wa mama. Kwa utaratibu huo mrithi wa cheo ni mpwa, mtoto wa dada, wala si mtoto wa binti. Kwa utaratibu wa Kiislamu nasaba hupita kwa baba. Mtoto wa binti wa Mrimba hatoshelezi kanuni ya kwanza kikamilifu, lakini anaikaribia kwa kuwa haki yake ya bara inapita kwa mwanamke; na anaitosheleza ya pili kwa kuwa ni mwana wa Ali. Simulizi limemchagua mtu ambaye pande zote mbili zingeweza kumkubali. Hayo ni mapatano, na yanaonyesha kwamba hadhira ya simulizi ilikuwa na watu wa pande zote mbili.

5.0 Cheo Kinapotengana na Nguvu

Nadharia hupimwa pale dola inapodhoofika. Katika karne ya 14 Kilwa ilikuwa na viungo vingi vya Kautilya. Kautilya anataja ngome ya maji, yaani kisiwa, miongoni mwa aina nne za ngome, na Kilwa ilikuwa hivyo kwa maumbile. Hazina ilitokana na dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu na kwa kuitenga sehemu ya tano ya ngawira itumike kama sheria inavyoelekeza. Jengo la Husuni Kubwa linahusishwa na sultani huyohuyo.

Kiungo kilichoharibika baadaye kilikuwa cha pili. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri walizidi kuwaweka na kuwaondoa masultani. Vasco da Gama alipofika mwaka 1502 na kudai kodi ya dhahabu, mwenye madaraka alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa nasaba ya kifalme. Kautilya alilijadili jambo hilihili. Bharadvaja alimshauri waziri autwae ufalme mfalme anapokufa. Kautilya alikataa, kwa hoja kwamba kitendo hicho ni dhuluma na huwachochea raia, akaelekeza amwekwe mwana wa mfalme.

Mwezi Julai 1505 Francisco d'Almeida aliuteka mji. Alimweka kitini Muhammad bin Rukn al-Din, ambaye nisba yake, al-Dabuli, inaelekeza kwenye bandari ya Dabhol, magharibi mwa India. Kwa mujibu wa maelezo ya Wareno, alivikwa taji la dhahabu lililokuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin, naye akaomba kwamba baada yake kiti kirudi kwa mwana wa sultani wa nasaba ya zamani. Ombi hilo ni ushahidi mzito. Mtu aliyepewa kiti na mizinga alitambua kwamba mizinga haitoi haki. Hakudumu, aliuawa muda mfupi baadaye. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, na Ibrahim akarudi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba masimulizi ya Kilwa yana nadharia ya uhalali iliyo kamili: mgeni huomba, hutoa, huoa, na hatimaye mjukuu hukabidhiwa na mwenye nchi. Kautilya aliiweka nchi na watu wake chini ya ngome, hazina na jeshi kama msingi. Matini ya Kiswahili inasema jambo hilohilo kwa kumrudisha mjukuu bara.

Jambo hili lina uzito kwa utafiti wa mwambao wa kusini. Wamachinga ni watu wa Lindi, na jina lao linasikika hadi leo katika Mchinga, mji wa ghuba ulio kati ya Kilwa na Lindi. Wanaoitegemea tarikhi ya Kiarabu peke yake huwaacha watu hao ng'ambo ya maji, wakingoja yapwe. Inapendekezwa kwamba masimulizi ya asili ya miji ya Mchinga, Lindi, Sudi na Mikindani yakusanywe na kulinganishwa kwa kuzingatia swali moja: nani anamkabidhi nani, na kupitia kwa nani. Katika Kiswahili cha leo neno machinga humjia msikilizaji kwanza kwa maana ya mchuuzi wa mjini. Katika matini ya 1907 Mmachinga ndiye aliyekuwa na nchi ya kutoa.