Dozi Moja ni Kiasi Gani?

Mwezi huu tuliangalie neno moja tunalolitumia kila siku nyumbani na katika duka la dawa: dozi. Neno hili tulilipokea kutoka Kiingereza. Asili yake ya mbali ni Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya kutoa, au kitu kinachotolewa.

Kwa Waingereza, dozi ni kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Vidonge viwili vya asubuhi ni dozi moja, na viwili vya jioni ni dozi nyingine. Matibabu yote, toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, wao huyaita kozi. Lakini kwetu kozi ni mafunzo, kama ya ushonaji au udereva. Basi tumelibebesha neno dozi mizigo yote miwili. Tunaposema "maliza dozi", tuna maana ya dawa yote.

Je, jambo hili lina madhara? Ndiyo, linayo. Tuangalie mifano.

Dawa ya malaria. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi akiandikiwa dawa mseto ya ALu, humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 katika siku 3. Jumla ni vidonge 24. Kwa Kiingereza hizo ni dozi 6. Kwa Kiswahili chetu ni dozi moja. Kijana wa sekondari anapomsomea bibi yake karatasi ya Kiingereza, "dozi ya pili baada ya saa 8", bibi anaweza kudhani anatakiwa kununua pakiti ya pili.

Dawa ya maumivu. Kwa mtu mzima, vidonge 2 vya paracetamol vya miligramu 500 ni dozi moja, na asizidishe dozi 4, yaani vidonge 8, katika saa 24. Anayedhani kuwa dozi ni pakiti nzima yuko hatarini. Paracetamol ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza asijisikie vibaya. Ukishuku kwamba mtu amezidisha, mpeleke hospitali mara moja, usisubiri dalili.

Nusu dozi. Fedha ikiwa kidogo, wengine huomba dukani wapewe "nusu dozi", yaani dawa ya siku chache tu. Homa inashuka, lakini vijidudu vya malaria hubaki katika damu na ugonjwa hurudi. Wengine wakisikia "nusu" humkatia mgonjwa kidonge vipande viwili, naye hapati nguvu ya dawa inayomtosha hata kwa mara moja. Mambo haya ni mawili tofauti, na yote mawili ni mabaya, isipokuwa kama mganga mwenyewe ameagiza kidonge kikatwe.

Chanjo. Hapa hata sisi hutumia neno hili kama Waingereza: sindano moja ni dozi moja. Chanjo ya kuzuia dondakoo, kifaduro na pepopunda hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama aliyezoea kwamba dozi moja ni dawa yote asidhani kuwa mtoto amemaliza baada ya sindano ya kwanza. Zimebaki mbili.

Tufanye nini basi? Hatuwezi kulifukuza neno lililokwisha kuzoeleka. Ila kabla ya kuondoka dirishani, muulize anayekupa dawa maswali matatu:

1. Nitumie kiasi gani kwa mara moja?
2. Kila baada ya saa ngapi?
3. Kwa siku ngapi?

Ukiona bahasha imeandikwa 1x3, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8, wala si vitatu kwa pamoja. Kwa dawa ya maji, tumia kipimo kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Kisha rudia majibu hayo kwa sauti mbele ya aliyekupa dawa. Usione haya. Sisi wauguzi tunafurahi mgonjwa anapouliza, maana neno moja lisiloeleweka linaweza kuifanya dawa nzuri iwe sumu.