Bagamoyo, Mji wa Wapagazi

Ukitaka kuitoa familia yako nje ya Dar es Salaam Jumapili moja, ipeleke Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini. Basi hupita Tegeta na Bunju, likavuka Mto Mpiji, kisha Kerege na Zinga, na kabla jua halijawa kali mtakuwa mmekwisha wasili.

Wageni wengi hukimbilia kutazama Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Mimi nakushauri uanzie Caravanserai, lile jengo lenye ua mpana ambamo misafara ya bara ilikuwa ikipanga mizigo. Pagazi alijitwika kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Akiondoka pwani alibeba vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Akirudi kutoka Tabora au Ujiji alibeba pembe za ndovu. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, ingawa watumwa nao walipitishwa katika njia iyo hiyo. Ndiyo maana jina la mji lina tafsiri mbili: pagazi aliubwaga moyo akapumzika, na mtumwa aliuacha moyo wake hapa kwa kuwa ng'ambo ya bahari hakuna kurudi. Mabishano hayajesha. Kwa maoni yangu ile ya kwanza ina nguvu zaidi, maana mji huu uliishi kwa mabega ya wapagazi.

Kutoka hapo nendeni Misheni, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Waonyesheni watoto mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Wenziwe, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu muda wa miezi tisa hadi pwani. Walipoufikisha walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Mazishi yakafanyika London tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma wasiwepo. Walifika Uingereza baadaye mwaka huo, kaburi limekwisha fungwa. Jina la Livingstone hutajwa na kila mgeni. Je, watoto wetu wanayajua hayo mawili?

Wajerumani waliuhamishia Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa hazikuweza kukaribia. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikaimaliza kazi ya upagazi.

Mkiwa na nguvu bado, endeleeni hadi Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji. Pana magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Kaole nayo ilikuwa bandari, mpaka mchanga na mikoko vilipoiziba. Chukueni maji ya kunywa na kofia, na msichelewe kurudi stendi, kwani jioni ya Jumapili mabasi hujaa.