Kisanduku Kilichofichwa: Uaminifu na Adabu katika Mchezo wa Jiokashingi

Mkazi anayelima au kuchunga kandokando ya barabara iendayo lango la Lodoare anaweza siku moja kumkuta mgeni ameinama chini ya mti, simu mkononi, akipapasa kati ya mizizi huku akigeuka nyuma kila mara kuangalia kama anaonekana. Mgeni huyo hatafuti madini, wala si lazima awe amepoteza kitu. Huenda ni mchezaji wa jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kuongozwa na satelaiti. Miongoni mwa wageni wanaolala Karatu kabla ya kuelekea Ngorongoro wamo wanaoupenda mchezo huu, na kwa kuwa uwanja wake ni mashamba, njia na misitu ya watu, inafaa wakazi wa kata zetu wazijue kanuni zake, hata kama wao wenyewe hawachezi.

Mchezo huu ulianza Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS yanayopokelewa na raia, hata mtu aliyeshika kipokezi aliweza kuelekezwa mita 100 mbali na mahali alipo. Uvurugaji huo uliondolewa tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake Dave Ulmer, mkazi wa jimbo la Oregon, alificha ndoo ya plastiki porini karibu na mji wa Beavercreek, akaweka ndani daftari, penseli na vitu vidogovidogo, kisha akatangaza namba za latitudo na longitudo za mahali hapo. Sharti lake lilikuwa fupi: ukiona kitu unachokitaka, kichukue, lakini nawe uache kitu. Ndani ya siku chache mtu mwingine, Mike Teague, aliifikia ndoo hiyo na kuandika jina lake. Leo visanduku vilivyosajiliwa duniani vinazidi milioni tatu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mchezo ulioenea kiasi hicho hauna mwamuzi uwanjani. Anayeficha humwamini asiyemjua kwamba atakifungua kisanduku, ataandika jina na tarehe, atakifunga vizuri na kukirudisha palepale, jinsi kilivyokuwa. Anayekuja baadaye humwamini aliyetangulia kwamba hakukihamisha wala kukiiba. Kinacholinda imani hiyo ni daftari. Jina lisipokuwa daftarini, mchezaji hana haki ya kutangaza kwamba amekipata, hata kama alikiona kwa macho juu ya tawi asiloweza kulifikia. Aliyetafuta akakosa hutakiwa kuandika waziwazi kwamba amekosa. Taarifa hiyo haina aibu yoyote, na humsaidia mwenye kisanduku kujua kwamba huenda kimepotea na kinahitaji kukaguliwa.

Udanganyifu hata hivyo upo, na una sura kadhaa. Yuko anayejidai kupata bila kufika. Yuko anayeshindwa kukiona kisanduku, akaacha kopo jipya mahali pale bila ridhaa ya mwenyewe, akaandika humo jina lake na kujihesabia ushindi. Huyu wa pili hujiona amesaidia, kumbe ameacha makopo mawili mahali pa kimoja na kuwatatiza wote watakaomfuata. Wapo pia wanaochukua kitu cha thamani na kuacha tiketi kuukuu ya basi. Hakuna polisi atakayewakamata kwa hayo, lakini wachezaji wenyewe huwadharau, na mwenye kisanduku ana haki ya kufuta madai yao.

Chakula hakiruhusiwi kisandukuni, ingawa katika ndoo ile ya kwanza kabisa kulikuwa na kopo la maharage. Sababu yake mkazi yeyote wa Rhotia au Oldeani anaifahamu bila kusoma kanuni: chenye harufu hufukuliwa na wanyama. Vivyo hivyo silaha, pombe na dawa hazitakiwi, kwa kuwa anayefungua anaweza kuwa mtoto.

Kwa wafugaji wa nyuki, adabu hii si ngeni. Mzinga huning'inizwa mtini, mbali na nyumba, bila mlinzi na bila kufuli. Kila apitaye anauona, na anajua kwamba una mwenyewe ingawa hamwoni. Kisanduku cha jiokashingi kinastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo: kukikuta hakukufanyi uwe mmiliki wake.

Lakini ipo kanuni moja ya wachezaji ambayo, kwa maoni ya mwandishi, haiwezi kuletwa hapa kwetu bila kurekebishwa. Wachezaji hufundishwa kutenda kwa siri ili wapita njia wasigundue maficho. Katika bustani ya mji mkubwa wa Ulaya, ambako hakuna anayemjali jirani yake, siri hiyo haimdhuru mtu. Kijijini, mgeni anayepenya nyuma ya boma au kuzungukazunguka shambani bila kusalimu hutiliwa shaka, na ni haki atiliwe shaka. Mahali ambapo hodi ndiyo mwanzo wa kila jambo, mchezaji mwungwana husalimu kwanza, hueleza anachokitafuta, na huomba ruhusa ya kupita. Siri ya maficho itapungua kidogo, lakini heshima itabaki. Waongoza watalii wetu wanaojua lugha na desturi za pande zote mbili wanaweza kuwaeleza wageni jambo hili mapema, wakiwa bado garini.

Upande wa ruhusa, kanuni za mchezo wenyewe zinakubaliana na sheria zetu. Haifai kuficha kisanduku katika ardhi ya mtu bila ridhaa yake, wala kuchimba shimo ili kukizika. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hivyo anayetaka kuacha kisanduku katika eneo la kijiji aanze katika ofisi ya kijiji, na kama ni shamba la mtu, amwone mwenye shamba. Mkazi ambaye hakuombwa ana haki ya kutaka kisanduku kiondolewe. Tahadhari hii ina sababu nzito. Katika nchi kadhaa, vikosi vya kutegua mabomu vimewahi kuitwa kwa sababu ya kisanduku kilichofichwa chini ya daraja au kando ya jengo la umma, barabara zikafungwa kwa saa nyingi, na mwisho kikakutwa kina daftari na vikaragosi vya plastiki. Kwa hiyo chombo cha mchezo hakipaswi kukaa karibu na shule, zahanati, daraja wala mtambo wa maji, na nje yake kiandikwe ni nini.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hali ni tofauti. Mgeni huingia kwa kibali, na akiwa ndani ya kreta haruhusiwi kushuka garini isipokuwa katika maeneo yaliyotengwa. Si mahali pa kuacha makopo, wala pa kuyatafuta. Hata hivyo wachezaji wana njia nyingine inayofaa mazingira kama haya. Mwaka 2004, kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha Marekani, ulianzishwa mtindo uitwao EarthCache, usio na kisanduku kabisa. Mchezaji hufika mahali penye historia ya miamba au volkano, husoma maelezo, hutazama, kisha humtumia mwandaaji majibu ya maswali ambayo hayajibiki bila kufika. Huondoka na maarifa, na hachukui wala kuacha kitu.

Kwa mtindo huo, eneo letu ni tajiri kuliko mengi. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, inayogusa wilaya za Karatu, Ngorongoro na Monduli. Kreta yenyewe ni matokeo ya volkano iliyoporomoka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikaacha bakuli lenye kina cha mita 600 hivi. Kaskazini yake Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye magadi, ambayo hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikishapoa. Nayo Bonde la Oldupai halihitaji kutambulishwa.

Sasa fikiri uaminifu unaotakiwa hapo. Kwa kuwa hakuna daftari la kutia jina, ushahidi pekee ni jibu, na jibu linaweza kunakiliwa na mtu aliyeketi sebuleni kwake ng'ambo ya bahari. Baadhi hufanya hivyo ili tu wahesabiwe nchi moja zaidi. Lakini ardhi yetu ina namna ya kuwaumbua. Karibu na Oldupai kuna kilima cha majivu meusi ya volkano, mchanga unaohama, ambao upepo huusukuma mita kadhaa kila mwaka. Atakayeulizwa umbali kati ya kilima na alama fulani, akajibu kwa namba aliyopewa na rafiki aliyefika miaka mitano iliyopita, atakuwa ameeleza mahali ambapo mchanga haupo tena.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja vijana wetu wanaofanya kazi ya utalii. Mgeni anaweza kumwomba dereva au mwongozaji amtajie majibu yote ili wasipoteze muda, pengine kwa ahadi ya bakshishi. Kueleza miamba ni kazi ya mwongozaji na ni sifa kwake. Kumjibia mgeni ambaye hakutaka hata kutazama nje ya dirisha ni kitu kingine. Ombi baya zaidi ni la kusimamisha gari pasiporuhusiwa, au kushuka ili kupiga picha ya ushahidi. Mwongozaji anayekubali huhatarisha maisha ya mgeni na leseni yake mwenyewe, na hakuna swali la EarthCache lenye thamani hiyo. Mwandaaji wa swali naye ana wajibu: asiulize jambo linalomlazimu mtu kuvunja masharti ya hifadhi.

Yapo pia maeneo ambayo mkono wa mtafutaji haupaswi kuyagusa kabisa. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika majivu mabichi miaka milioni 3.6 iliyopita na kufukuliwa mwaka 1978, zilifukiwa upya kitaalamu katika miaka ya 1995 na 1996 na Idara ya Mambo ya Kale kwa kushirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty, kwa sababu mizizi ya miti ilikuwa ikizitishia. Wakati wa kazi hiyo jamii ya Wamaasai wa eneo hilo ilishirikishwa, na ibada ya kimila ikafanywa ili mahali pale paheshimiwe. Hazina hiyo sasa imelala chini ya udongo na mawe, na usalama wake unategemea uaminifu wa wanaoishi jirani nayo na wanaopita. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuhamisha au kuharibu mabaki ya kale bila kibali ni kosa. Mchezaji anayegeuza mawe ya magofu ya Engaruka akitafuta kisanduku ambacho hakipo anaweza kuvuruga katika dakika moja ukuta uliodumu kwa karne nyingi.

Mkazi akikuta chombo kilichofichwa afanyeje? Kama kimefungwa, hakina maandishi na hakieleweki, asikiguse, awaondoe watoto, na amjulishe Mwenyekiti wa Kitongoji au Mtendaji wa Kijiji, au apige simu polisi kwa namba 112. Kama kina maandishi yanayoonyesha kuwa ni cha mchezo na kipo mahali pasipo na madhara, anaweza kukitazama, hata kuandika jina lake daftarini akipenda, kisha akirudishe kilivyokuwa. Kama kipo shambani mwake bila ridhaa yake, asikichome moto wala kukitupa korongoni. Akipeleke ofisi ya kijiji, kwa kuwa mara nyingi ndani yake huandikwa namna ya kumpata mwenyewe. Wazazi wawaambie watoto wasikubali kutumwa na mgeni kupanda miti au kuingiza mikono mashimoni kwa malipo ya peremende, kwani katika mashimo ya huku kwetu nyoka huwa wametangulia.