Acheni Kumtafuta Muuaji wa Dereva

Filamu ikiisha na taa zikiwashwa, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lile lile: "Sasa nani alimuua dereva?" Nimeulizwa Madou, nimeulizwa karibu na Botanique, na siku hizi naulizwa kwa WhatsApp hata na watu wa nyumbani ambao hawajawahi kukanyaga Saint-Josse, hapa Brussels. Filamu ni The Big Sleep ya Howard Hawks. Dereva ni Owen Taylor, anayeopolewa baharini ndani ya gari. Kinachonichosha zaidi ni jibu ambalo muulizaji huwa ameshakuja nalo: eti filamu haieleweki kwa sababu mtunzi wa riwaya, Raymond Chandler, mwenyewe hakumjua muuaji.

Kisa cha telegramu ni cha kweli. Chandler alikisimulia katika barua ya mwaka 1949: Hawks na Humphrey Bogart, anayemwigiza mpelelezi Marlowe, walibishana kama mtu yule aliuawa au alijiua, wakamuuliza kwa telegramu, naye akakosa la kusema. Kisa kinaishia hapo. Kumbebesha Chandler lawama ya filamu nzima ni uonevu, maana mswada si wake. Waliouandika ni William Faulkner, Leigh Brackett na Jules Furthman.

Isitoshe, jibu lilikuwepo, na lilipigwa picha. Katika toleo la kwanza, la 1945, Marlowe anaketi katika ofisi ya mwendesha mashtaka na kesi inapangwa kipande kwa kipande. Taylor alimuua Geiger, mwuza picha chafu, kwa sababu ya mapenzi yake kwa Carmen, binti wa mwajiri wake. Joe Brody, tapeli mmoja, akamfuata Taylor, akampiga kichwani, akachukua picha ya Carmen, akamsukumia baharini. Kwisha! Studio walikuwa na jibu mkononi, wakalitupa kwa hiari yao. Muulizeni basi aliyelitupa.

Hawks alianza kazi Oktoba 1944, mwezi mmoja tu baada ya Brussels kukombolewa, akamaliza Januari 1945. Warner Bros. waliona vita inakwisha, wakatanguliza filamu zao za vita kabla hazijachacha. The Big Sleep ikawekwa kando, ikaonyeshwa tu kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo. Katikati ya kungoja huko Lauren Bacall, nyota wa kike wa filamu hii, akatokea katika Confidential Agent, na wahakiki wakamrarua. Wakala wake, Charles Feldman, akamwandikia Jack Warner: mwongezeeni binti maonyesho ya ujeuri, kama yale yaliyompa jina katika To Have and Have Not. Januari 1946 kamera zikawashwa tena. Bogart na Bacall walikuwa wameshaoana tangu Mei iliyotangulia.

Yakaingia mazungumzo ya mgahawani kati ya Bogart na Bacall kuhusu mbio za farasi, ambayo mtu mzima yeyote anajua hayahusu farasi. Yaliandikwa na Philip Epstein, na jina lake halimo kwenye filamu. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikakatwa. Mke wa Eddie Mars, mwenye kasino, aliyeigizwa kwanza na Pat Clark, akageuka kuwa Peggy Knudsen. Ongezeni udhibiti wa Hollywood wa enzi hizo: biashara ya Geiger ya picha chafu haikuruhusiwa kutajwa waziwazi, na Carmen, ambaye kitabuni ndiye muuaji wa Regan, mtu aliyetoweka, filamu ikampunguzia hatia. Unabaki na watu wanaouana kwa ajili ya kitu kisichotajwa, halafu unashangaa huelewi!

Na tusidanganyane: toleo lenye maelezo limepooza. Kila kitu kinaeleweka, na unapiga miayo. Waliokata walijua wanachofanya: mtazamaji wa filamu ya upelelezi husamehe pengo katika kesi, lakini kuchoshwa hasamehe.

Haya, mambo ya kufanya. Toleo la 1945 lilikarabatiwa na kuonyeshwa mwaka 1997, na yapo DVD zenye matoleo yote mawili pamoja na maelezo ya Robert Gitt kuhusu tofauti zake. Anza na la 1946, bila kalamu wala daftari. Kisha la 1945. Kisha riwaya ya 1939. Ukiwa na jioni moja tu, tazama la 1946 ukalale. Mwenye subira achungulie ratiba ya Cinematek hapa mjini. Na ukija kwenye maonyesho yetu, njoo na swali jingine.